Hofu ya Kujongea: Mzigo wa Pili wa Mgonjwa wa Baridi Yabisi

Mtu apitaye Kariakoo alfajiri huona somo zima la fiziolojia likitendeka barabarani. Wapagazi hushusha magunia, wasukuma mikokoteni huinama na kujinyosha, mama lishe hukanda unga, na wauza mboga huchuchumaa wakifunga mafungu ya mchicha. Kazi zote hizi hutegemea viungo, yaani mahali mifupa miwili au zaidi ikutanapo na kuruhusu mjongeo. Lakini ni mara chache tuwakumbukapo wale wasioonekana tena sokoni: watu waliofanya kazi hizo hizo miaka mingi, kisha wakashikwa na maradhi ya viungo, wakaketi ndani, na wasitoke tena.

Makala haya yanawahusu watu hao. Tutaeleza kwanza baridi yabisi ni ugonjwa gani. Pili, jinsi hofu ya kujongea inavyozaliwa. Tatu, mambo yaupatayo mwili usiojongea. Na mwisho, yale ambayo wataalamu wameyathibitisha na yanayoweza kufanywa nyumbani na shuleni. Hoja yetu ni moja: mgonjwa wa baridi yabisi hubeba mizigo miwili, ugonjwa wenyewe na hofu ya kujongea, na mzigo huo wa pili, mara nyingi, hutwikwa na watu wampendao.

Mfano wa nyumbani

Naomba msomaji aniruhusu nitoe mfano wa karibu. Shangazi yangu alikuwa akipika maandazi na kuyauza Kariakoo, si mbali na soko. Alipokaribia umri wa miaka 50, vidole vyake vya mikono yote miwili vilianza kuvimba, na kila asubuhi vilikakamaa hata asiweze kufunga kanga. Hospitalini alipimwa, akaambiwa ana baridi yabisi, akapewa dawa. Baada ya miezi michache uvimbe ulipungua sana. Hata hivyo hakurudi jikoni. "Mwanangu," aliniambia, "kila nikikunja mkono naona kana kwamba mfupa unasagika."

Sisi jamaa zake tukamhurumia. Tukampokonya ndoo, ufagio na mwiko. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimerejea karibuni kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari, tena nikifundisha habari za misuli darasani, nilimwambia, "Shangazi, wewe pumzika, sisi tupo." Baada ya mwaka mmoja hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Mtaalamu wa tiba ya viungo alipompima alitueleza jambo lililoniaibisha: viungo vya magoti yake havikuwa vimeharibika kwa kiasi cha kumzuia kusimama. Kilichokwisha ni nguvu za misuli ya mapaja. Ugonjwa haukumketisha peke yake, sisi tuliusaidia.

Jina na maradhi

Jina la ugonjwa huu lina historia yake. Neno "yabisi" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kavu au kigumu. Katika utabibu wa kale wa Wayunani, ambao Waarabu waliuendeleza na ambao athari zake zilifika pwani yetu, mwili ulidhaniwa kutawaliwa na hali za joto na baridi, unyevu na ukavu. Ugonjwa wa viungo kukakamaa ukahesabiwa kuwa ni wa baridi na ukavu. Ndiyo maana hata leo mgonjwa huambiwa asiguse maji, asikanyage sakafu, ajifunike na atulie. Jina limeeleza vizuri dalili, kwani viungo hukakamaa kweli. Lakini halielezi chanzo. Wako wagonjwa wanaosikia maumivu zaidi wakati wa baridi, lakini baridi haiwi ndiyo iliyouleta ugonjwa.

Chanzo kiko katika kinga ya mwili. Kwa kawaida kinga hupigana na vijidudu viingiavyo mwilini. Katika baridi yabisi, kinga hiyo hukosea na kuushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando huvimba, hunenepa na kuwa na joto. Na ukiachwa bila tiba huweza kula gegedu na mfupa. Kwa kawaida ugonjwa hushika viungo vidogo vya vidole na viganja, vya pande zote mbili za mwili, na kukakamaa kwa asubuhi huweza kudumu saa nzima au zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kati ya kila 10 kama 7 ni wanawake.

Zamani baadhi ya waganga wa Ulaya walidhani kwamba ugonjwa huu ni nadra sana kwa Waafrika. Mwaka 1980 madaktari wa Uganda, akiwamo Profesa B. R. Kanyerezi, walichapisha maelezo ya wagonjwa wa baridi yabisi wa nchini mwao, na leo hapana shaka kwamba ugonjwa upo kwetu pia.

Inafaa kuongeza kwamba si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi, ingawa watu wengi hutumia jina hilo kwa yote. Kuna kuchakaa kwa gegedu kutokana na umri, kuna jongo, na kuna chikungunya, homa ya virusi ienezwayo na mbu. Homa hiyo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa nchi yetu, katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953, na jina lake limetokana na neno la Kimakonde lielezalo jinsi mgonjwa ajikunjavyo kwa maumivu. Kwa sababu tiba za maradhi haya hutofautiana, kupimwa na daktari ni jambo la lazima.

Hofu huzaliwaje?

Maumivu ni mlinzi. Mtoto aguswapo na kaa la moto huondoa mkono kabla hajafikiri, na siku ya pili hulikwepa kaa. Kwa jeraha jipya mafunzo haya hufaa. Kwa ugonjwa wa miaka mingi mlinzi huyu huanza kupiga kelele hata pasipo mwizi. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kuchokozwa kwa muda mrefu huwa nyepesi mno kupeleka habari za maumivu, na ubongo nao huzoea kuzitazamia. Basi mgonjwa huweza kuumia pasipo kiungo kupata dhara jipya. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Lakini maana anayoyapa, yaani "ninajiharibu", mara nyingi si ya kweli.

Wataalamu waliita hali hii kinesiofobia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, la mjongeo na la hofu. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1990. Hupimwa kwa orodha ya kauli 17 iitwayo kipimo cha Tampa. Mgonjwa husomewa kauli kuhusu maumivu na mazoezi, naye hujibu kwa kiasi anachokubali au kukataa, kuanzia alama 1 hadi 4. Jumla ya chini kabisa ni 17, na ya juu kabisa ni 68. Jumla ikiwa kubwa, hofu nayo ni kubwa.

Mwendo wa hofu ni wa mduara. Twaweza kuupanga hivi:

1. Mgonjwa huhisi maumivu anapojongea.
2. Hufikiri kwamba maumivu hayo ni dalili ya kiungo kuharibika.
3. Huogopa, akaacha kujongea.
4. Misuli hudhoofika, viungo hukakamaa, na mtu hutengwa na wenzake.
5. Siku ajaribupo tena kujongea, kazi ndogo humwumiza kuliko zamani, naye husema, "Nilijua!"

Hatua ya tano hurudi katika ya kwanza, na mduara huzunguka upya. Hatua muhimu kwetu ni ya pili na ya tatu, kwa maana hapo ndipo maneno ya jamaa huingia. Kila tusemapo "usiinuke, utajiumiza", tunathibitisha fikira potofu ya mgonjwa.

Mazingira nayo huchangia. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma. Mzee aliyeishi humo alilazimika kutembea ukumbini mara nyingi kwa siku, kwenda uani, jikoni na barazani, na mazoezi hayo hakuyahesabu kuwa mazoezi. Sasa nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Mgonjwa aishiye ghorofa ya tatu huziogopa ngazi. Na akifika chini hukuta bidhaa zimetandazwa njiani, mikokoteni ikipita kwa kasi, na umati usiomsubiri mtu. Hofu ya kusukumwa akaanguka si upuuzi. Lakini akikaa ndani kwa hofu hiyo, miguu yake hudhoofika, na hatari ya kuanguka huzidi.

Mwili usiojongea

Ncha za mifupa ndani ya kiungo zimefunikwa na gegedu. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kwa njia ya ute ulio ndani ya kiungo, na mjongeo husaidia kuupeleka. Kiungo kikandamizwapo, maji hutoka katika gegedu. Kikiachiliwa, maji hurudi pamoja na virutubisho, mfano wa sponji ikamuliwavyo na kuachwa ndani ya maji. Kwa hiyo fikira ya kwamba mjongeo husaga kiungo kama jiwe lisagavyo nafaka si sahihi. Mjongeo wa kiasi hukilisha kiungo.

Misuli nayo hulindwa kwa kutumiwa. Mtu alazwaye kitandani pasipo kujongea kabisa huweza kupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu za misuli yake kila siku katika siku za mwanzo. Misuli ndiyo nguzo ya kiungo. Ikilegea, kiungo huyumba, na mshtuko wa kila hatua hukipiga moja kwa moja. Hali kadhalika mifupa isiyobebeshwa uzito hupungua uimara, na wagonjwa wa baridi yabisi tayari wana hatari ya kupungukiwa na uimara huo.

Tena upo moyo. Uvimbe wa ugonjwa huu hauishii katika viungo, bali huathiri pia mishipa ya damu. Utafiti umeonyesha kwamba hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa wagonjwa hawa ni karibu mara moja na nusu ya ile ya watu wengine. Mtu mwenye hatari hiyo akinyimwa kutembea amenyimwa mojawapo ya kinga zake.

Wataalamu walivyobadili mawazo

Msomaji asidhani kwamba ni jamaa wasio na elimu tu waliokosea. Daktari mpasuaji John Hilton wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alifundisha kwamba pumziko ni tiba kuu, na fundisho hilo lilitawala kwa miaka mingi. Hata katikati ya karne ya 20 wagonjwa wa baridi yabisi walilazwa kwa majuma kadhaa, viungo vikifungwa kwa vibao. Walimu wa madaktari walikuwa na hofu ile ile ya shangazi yangu.

Hofu hukomeshwa kwa ushahidi. Mwaka 2003 wataalamu wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio lililochukua miaka miwili. Wagonjwa 309 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida. La pili lilifanya, zaidi ya tiba hiyo, mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara. Mwanafunzi aone hapa kanuni ya jaribio la haki: makundi yanayofanana, tofauti moja tu kati yao, na kipimo kile kile kwa wote. Matokeo yalikuwa kwamba waliofanya mazoezi walipata uwezo zaidi wa kufanya shughuli zao. Picha za eksirei, kwa wagonjwa walio wengi, hazikuonyesha kwamba viungo vikubwa viliharibika zaidi kwa sababu ya mazoezi. Wataalamu walitoa tahadhari moja: wale ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vimeharibika sana tangu mwanzo yafaa wachaguliwe mazoezi mepesi zaidi. Mwaka 2018 jumuiya ya wataalamu wa maradhi haya ya Ulaya ilipendekeza rasmi kwamba mazoezi yawe sehemu ya tiba ya kila mgonjwa wa aina hii.

Kiasi na kipimo

Haya yote hayamaanishi kwamba mgonjwa aamrishwe kubeba magunia. Kumlazimisha mtu kwa ukali huongeza hofu sawasawa na kumketisha. Mambo yafuatayo ni ya kuzingatiwa.

Kwanza, dawa. Mazoezi hayazimi kosa la kinga ya mwili. Dawa kama methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari, huzuia uharibifu wa viungo. Na kadiri tiba ianzavyo mapema ndivyo inavyofaa. Mama mjamzito haruhusiwi kuitumia. Dawa za kutuliza maumivu zinunuliwazo dukani haziwezi kushika nafasi yake.

Pili, kuanza kidogo. Mgonjwa aanze na kile awezacho bila hofu kubwa, hata kama ni kuinuka kitini mara tano, kisha aongeze polepole kila wiki. Kila afanyapo jambo aliloliogopa na asidhurike, ubongo hupata somo jipya.

Tatu, kuyapima maumivu. Kanuni moja itumiwayo na wataalamu ni hii: maumivu yakizidi kwa zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, zoezi lilikuwa kubwa mno, siku ifuatayo lipunguzwe, lisiachwe. Kiungo kikiwa kimevimba na kina moto, kipumzishwe na uzito, lakini kikunjwe na kunyoshwa taratibu.

Nne, shingo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa muda mrefu ugonjwa hulegeza viungo vya juu vya shingo. Kwa hiyo mtu wa namna hii asibebe mzigo kichwani kabla hajapimwa. Na mgonjwa ahisiye ganzi mikononi au udhaifu wa miguu wa ghafla aende hospitali bila kukawia.

Tano, namna ya kufanya kazi. Hapa fizikia yatusaidia. Mkono uliokunjwa ni wenzo, na kiwiko ndicho egemeo. Tuseme mtu ameshika ndoo yenye uzito wa niutoni 100, umbali wa sentimita 30 kutoka kiwikoni, na msuli umeshikamana na mfupa sentimita 4 kutoka hapo. Tukiacha uzito wa mkono wenyewe, msuli hulazimika kuvuta kwa niutoni 750. Mzigo huo ukisogezwa hadi sentimita 15, kani hupungua kuwa niutoni 375. Mzigo ni ule ule, na kani imekuwa nusu. Kumfundisha mgonjwa kukumbatia mzigo karibu na mwili, au kugawa ndoo moja katika vyombo viwili, ni bora kuliko kumpokonya ndoo.

Mwisho

Shangazi yangu alianza kwa kuinuka kitini mara tano asubuhi na mara tano jioni, mjukuu wake akihesabu. Kisha akashuka ngazi, ghorofa moja kwa siku. Baada ya miezi minne alifika viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mapema kabla msongamano haujaanza, akapumzika njiani mara mbili. Hakupona, kwani ugonjwa huu hautibiki ukaisha. Wako siku ambazo vidole humvimba na hukaa kimya. Lakini donge dogo la unga hulikanda mwenyewe, na ukijaribu kumpokonya hukuambia, "Niache, mwanangu, mkono huu bado una kazi."

Mwalimu na mwanafunzi wanaweza kulichukua somo hili hadi nyumbani. Utamkuta bibi, mama au jirani aliyeketishwa kwa huruma. Usimwamrishe ainuke. Muulize anaogopa nini, msikilize, kisha mwambie, "Twende pamoja mpaka mlangoni."

Jaribio na maswali

1. Lowesha kipande cha sponji kwa maji yenye rangi, ukikamue, kisha kiachilie ndani ya maji safi. Rudia mara kumi. Linganisha na kipande kingine kilicholoweshwa vivyo hivyo na kuwekwa ndani ya maji safi bila kukamuliwa. Eleza uhusiano wa uliyoyaona na lishe ya gegedu.
2. Katika mfano wa ndoo, tafuta kani ya msuli ikiwa ndoo itashikwa sentimita 20 kutoka kiwikoni.
3. Chora mduara wa hofu. Onyesha ni hatua ipi ambapo (a) daktari, (b) jamaa, (c) mgonjwa mwenyewe anaweza kuukata.
4. Kwa nini wataalamu wa Uholanzi waliwagawanya wagonjwa kwa bahati nasibu, badala ya kuwaachia wachague kundi walipendalo?
5. Jadilini darasani: jina la ugonjwa laweza kuathiri namna watu wanavyoutibu? Toeni mfano wa baridi yabisi na wa ugonjwa mwingine mmoja.